Je, Mpwa Wangu Asubiri Tiba ya Bakteria Badala ya Kukatwa Mguu?

SWALI

Kwako Daktari,

Shikamoo. Mimi ni mkulima wa michungwa huku Muheza, nami nakuandikia kwa niaba ya dada yangu mkubwa, ambaye tangu afiwe na mumewe mimi ndiye ninayesimama naye katika mambo ya watoto. Mwanawe wa tatu, kijana wa miaka 16, alianza kulalamika maumivu juu kidogo ya goti la kulia, hasa nyakati za usiku, na kwa kuwa ni mchezaji mpira kila mtu alidhani ameteguka. Uvimbe ulipozidi alipelekwa hospitali ya mkoa, akapigwa eksirei, kisha akapewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam, ambako madaktari walichukua kinyama kwenda kupima na majibu yakaja kwamba ni saratani ya mfupa iitwayo osteosakoma. Siti skani ya kifua haikuonyesha kitu kwenye mapafu. Tumeelezwa kwamba ataanza na dripu za tibakemikali, halafu afanyiwe upasuaji, na kwamba upo uwezekano wa mguu kukatwa juu ya goti.

Kijana ametamka mbele yetu sote kwamba ni heri afe na miguu yake miwili. Tukiwa katika hali hiyo, binamu yetu anayefanya kazi Muscat alituletea habari kwamba huko Marekani wametengeneza bakteria maalumu wanaotibu saratani ya mfupa, na kwamba wagonjwa waliopewa wamepona. Tangu siku hiyo kikao cha ukoo kimegawanyika. Wengine wanataka tiba ya hospitali isimamishwe, tuuze shamba la michungwa aliloliacha marehemu shemeji yangu, kijana apelekwe huko. Bibi yake mzaa baba hataki hata kusikia habari ya mjukuu wake kutiwa vijidudu mwilini. Na yupo mtu hapa mjini anauza chupa za kile anachokiita bakteria hai, akidai kwamba ndiyo tiba hiyo hiyo ya Marekani kwa bei ya maskini.

Naomba unieleze kama habari hii ina ukweli, na kama inao, je, ni busara tusubiri? Na huyu kijana tumwambie nini?

Mjomba, Muheza

JIBU

Marahaba, ndugu yangu, na poleni sana wewe, dada yako na kijana wenu. Kabla sijafika kwenye bakteria, naomba nitangulize jambo ambalo haliwezi kungoja mwisho wa barua: mpelekeni kijana aanze tibakemikali siku ileile aliyopangiwa. Kifua chake kimeonekana kisafi, na hiyo ni nafasi kubwa ambayo watoto wengi wa nchi zetu hawaipati, kwa sababu hufikishwa hospitali wakati ugonjwa umekwisha kuingia kwenye mapafu. Nafasi hiyo haikai muda mrefu. Osteosakoma ni saratani inayokua kwa kasi, na kila mwezi wa kusubiri habari njema kutoka ng'ambo ni mwezi ambao ugonjwa unautumia.

Nieleze kwa nini nasema hivyo kwa uzito huu. Kabla ya miaka ya 1970, tiba ya ugonjwa huu ilikuwa kukata kiungo peke yake, na hata pale upasuaji ulipofanyika vizuri kabisa, kati ya wagonjwa 100 waliobaki hai baada ya miaka michache hawakufika 20. Wengine walirudiwa na ugonjwa, mara nyingi mapafuni, kwa kuwa seli za saratani zilikuwa zimekwisha kusafiri kupitia damu tangu kabla ya upasuaji, zikiwa ndogo mno kuonekana kwenye picha yoyote. Dawa za tibakemikali, yaani doksorubisini, sisplatini na methotreksati, ndizo zilizobadilisha hali hiyo. Kwa mgonjwa ambaye ugonjwa haujaonekana kwingineko mwilini, dawa hizi zikiunganishwa na upasuaji katika nchi zenye huduma kamili, wagonjwa 60 hadi 70 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka mitano, na wengi wao huwa wamepona. Kwetu sisi matokeo huwa chini ya hapo, na moja ya sababu ni wagonjwa kuacha tiba katikati au kutoianza kabisa. Kwa hiyo wale wa upande wa kusimamisha tiba, ingawa wanampenda mtoto, wanapendekeza jambo linalomwondolea nafasi aliyo nayo sasa kwa ajili ya tiba isiyokuwapo mkononi.

Sasa nije kwenye habari ya binamu yenu. Siwezi kukuambia kwamba ni uongo, kwa sababu ina mzizi wa kweli, tena mzizi wa zamani na unaohusu mifupa moja kwa moja. Mwaka 1891 daktari wa upasuaji wa New York, William Coley, alihuzunishwa na kifo cha msichana aliyekuwa na saratani ya mfupa ambaye alikuwa amemkata mkono bila ya kumwokoa. Akapekua kumbukumbu za hospitali, akakuta habari za mgonjwa ambaye uvimbe wa shingoni ulikuwa umetoweka baada ya kupata maambukizi makali ya ngozi yaliyosababishwa na bakteria aina ya streptokokasi. Coley akaanza kuwadunga wagonjwa bakteria hao wakiwa hai. Wapo ambao uvimbe wao ulipungua, na wapo waliofariki kwa maambukizi yenyewe, hata akaamua kutumia bakteria waliokwisha kuuawa. Tiba yake ilitumika kwa miongo kadhaa, kisha ikaachwa, kwa sababu matokeo yake hayakutabirika na mionzi ilikuwa imekwisha kuingia hospitalini. Lakini wazo la kwamba bakteria wanaweza kuiamsha kinga ya mwili ikaiona saratani halikufa.

Mwambie bibi yake kijana kwamba wajukuu zake wote, wakiwa wachanga, yumkini walichanjwa chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu dogo karibu na bega. Chanjo hiyo, BCG, ni bakteria hai waliodhoofishwa. Tangu mwaka 1976 madaktari wamekuwa wakitumia bakteria haohao kutibu saratani ya kibofu cha mkojo iliyo kwenye utando wa ndani, wakiwaingiza kibofuni kwa mpira mwembamba, na hadi leo ni tiba ya kawaida ya hospitali duniani kote. Simtaji bibi ili kumbeza. Hofu yake ina msingi, kama nitakavyoeleza, ila isitokane na kudhani kwamba kuingizwa bakteria mwilini ni jambo lisilopata kufanyika.

Jipya katika miaka ya karibuni ni kwamba wanasayansi hawangoji tena bakteria wadhoofike wenyewe. Wanaingia katika jeni zao, wakaondoa zile zinazoleta ugonjwa na kupachika nyingine wanazozitaka. Njia zao hazifanani. Baadhi wanatumia bakteria wanaopenda mahali pasipo na oksijeni, kwa kuwa katikati ya uvimbe mkubwa damu haifiki vizuri na dawa za dripu hazipenyi sawasawa. Mfano ni Clostridium novyi, aliyeondolewa jeni ya sumu yake kali na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba mbwa 16 wenye uvimbe wa saratani walidungwa mbegu za bakteria huyo na 6 kati yao uvimbe ulipungua au ukaisha kabisa. Na mwanamke mmoja aliyekuwa na saratani ya misuli iliyosambaa alidungwa begani, na uvimbe ukapungua ndani na pembeni mwa mfupa. Habari kama hiyo husafiri haraka sana. Isiyosafiri ni ile iliyofuata mwaka 2021, pale wagonjwa 24 walipojaribiwa: kwa baadhi uvimbe uliyeyuka, lakini wengine walipata sumu ya damu na wengine gangrini ya gesi, yaani maambukizi yanayoozesha misuli. Kabla ya hapo, mwaka 2002, wagonjwa 25 walikuwa wamepewa Salmonela waliopunguzwa makali. Bakteria hao waliufanya uvimbe wa saratani kwenye panya unywee, ila kwa binadamu hakuna hata mmoja ambaye uvimbe wake ulipungua.

Kwa maelezo uliyonipa, naamini binamu yenu alisoma habari za bakteria wa tatu, Listeria, na hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo, maana tofauti kati ya habari mliyoletewa na jambo lenyewe iko hapa.

Listeria ana tabia ya kuingia ndani ya seli za kinga na kuishi humo. Watafiti wamemwondolea jeni anazozihitaji ili kukua mwenyewe na ile inayomwezesha kuhama kutoka seli moja hadi nyingine, kisha wakampa jeni nyingine inayomfanya atoe protini iliyounganishwa na HER2, ambayo ni alama inayoonekana juu ya seli za baadhi ya osteosakoma. Seli za kinga zinapomkamata bakteria huyu humkuta na alama hiyo, kama walinzi wa mtaa wanaomwona mtu mgeni akiongozana na jambazi wanayemjua: siku mgeni akirudi peke yake, watamkumbuka sura. Ndiyo kusema bakteria huyu hali saratani. Anaifundisha kinga ya mwili kuitambua, na hivyo ni sahihi zaidi kumwita chanjo ya tiba.

Walioanza kujaribiwa ni mbwa, kwa kuwa mbwa wakubwa hupata osteosakoma inayofanana sana na ya vijana wetu. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Dakta Nicola Mason na wenzake waliwapa chanjo hiyo mbwa 18, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba nusu yao waliishi zaidi ya siku 956, ilhali kwa mbwa wa zamani waliotibiwa bila chanjo kipimo hicho kilikuwa siku 423. Ni matokeo ya kutia moyo sana. Lakini naomba uwasomee wanaukoo sentensi ifuatayo polepole: mbwa hao walikuwa wamekwisha kufanyiwa upasuaji wa mguu ulioathirika na kupewa tibakemikali kabla ya kuchanjwa.

Kwa binadamu nako ni vivyo hivyo. Jaribio lililofanyika Marekani liliwachukua wagonjwa wapatao 40, wa umri wa miaka 12 hadi 39, ambao ugonjwa ulikuwa umewarudia kwenye mapafu na madaktari wakafanikiwa kuuondoa wote kwa upasuaji. Baada ya hapo walipewa dripu ya bakteria kila wiki ya tatu kwa muda wa wiki 48. Matokeo yaliyotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba takribani theluthi moja walimaliza mwaka bila ugonjwa kurudi, ikilinganishwa na moja ya tano kwa wagonjwa wa miaka ya nyuma wasiopewa tiba hiyo. Hapakuwa na kundi lililochaguliwa kwa bahati nasibu na kupewa tiba ya kawaida kwa wakati mmoja ili kulinganishwa nalo, na hilo ni pungufu ambalo wataalamu hulitazama kwa makini, kwa sababu upasuaji na vipimo vya leo si vya miaka ya nyuma. Hata ukiyapokea matokeo hayo kama yalivyo, yanaeleza kwamba theluthi mbili ugonjwa uliwarudia, au mabaya zaidi, ndani ya mwaka. Ni hatua ya mbele ya kweli kwa watu waliokuwa na chaguo chache mno. Haijawa tiba ya kumwokolea mguu kijana ambaye hajaanza hata dripu ya kwanza, na hakuna aliyeijaribu kwa kusudi hilo.

Kuhusu hatari, bibi asikilizwe. Listeria wa kawaida ndiye aliyesababisha maafa ya Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 kupitia nyama ya kusindika aina ya poloni, ambapo zaidi ya watu 1,000 waliugua na zaidi ya 200 wakafariki. Yule wa maabara amepunguzwa makali na kwa kawaida huuawa na antibayotiki, lakini si kwamba amekuwa maji. Wapo mbwa waliokuja kuugua kutokana na bakteria wenyewe wa chanjo. Yupo pia mwanamke aliyepewa chanjo ya jamii hiyo kwa ajili ya saratani ya shingo ya kizazi, akapata maambukizi ya damu zaidi ya miaka miwili baadaye. Alikuwa na vyuma vya mifupa mwilini, mahali ambapo bakteria huweza kujificha. Kwa mgonjwa wa saratani ya mfupa, ambaye huenda akawekewa goti la chuma, jambo hilo si dogo hata kidogo.

Kwa sababu hiyohiyo, chupa zinazouzwa hapo mjini zisifike nyumbani kwa dada yako. Hakuna bakteria wa kutibu saratani ya mfupa anayeuzwa chupani. Tiba ninazozieleza hutengenezwa katika maabara zenye ulinzi na kudungwa mishipani au ndani ya uvimbe, mgonjwa akiwa chini ya uangalizi wa saa nyingi. Huyo bwana anaweza kuwa anauza bakteria wa kuchachusha maziwa, au maji machafu. Vyovyote iwavyo, tibakemikali hushusha chembe nyeupe za damu, na mtoto aliye katika hali hiyo akinywa vijidudu hai visivyojulikana anaweza kufa kwa maambukizi kabla saratani haijamdhuru. Mtoeni taarifa kwa mamlaka ya dawa, TMDA, maana nyumba yenu siyo pekee anayoitembelea.

Shamba la michungwa lisiuzwe kwa safari hii. Dawa iliyo katika majaribio hainunuliwi kama tikiti ya ndege: mgonjwa hupokelewa kwa masharti maalumu ya ugonjwa, na mpwa wako, kwa neema ya kifua chake kuwa safi, hakutimiza sharti la jaribio nililolieleza. Atakayewaomba mamilioni ili amwingize humo atakuwa anawaibia. Fedha mlizo nazo zitahitajika kwa mambo ambayo watu huyasahau mpaka yawakwamishe: nauli za kwenda na kurudi Dar es Salaam kwa miezi mingi, malazi ya mama yake, chakula kizuri, vipimo vya damu kabla ya kila dripu, na dawa pale zinapokosekana hospitalini. Ulizeni mapema ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuhusu bima na msamaha wa gharama. Iwapo siku moja siti skani za ufuatiliaji zitaonyesha kitu mapafuni, na tuombe isiwe hivyo, hapo ndipo mtakapomwomba daktari wake wa saratani atazame majaribio yaliyo wazi wakati huo, yakiwemo ya bakteria.

Limebaki la kijana mwenyewe, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Msimdanganye. Msimwambie anakwenda kusafishwa kidonda. Ana miaka 16, na akigundua kwamba watu wazima walijua akafichwa, hatawaamini tena hata mtakapomsihi amalize dawa. Mwombeni daktari wa upasuaji akae naye, wewe na mama yake mkiwapo, amwonyeshe picha zake na kumweleza kama upasuaji wa kuokoa mguu unawezekana, ambao huondoa sehemu ya mfupa yenye ugonjwa na kuweka chuma badala yake. Hilo hutegemea kama uvimbe umeizingira mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu, jinsi utakavyoitikia dripu za mwanzo, na kama kifaa chenyewe kinapatikana. Sababu mojawapo ya kuanza na dripu ni hiyo, kwa hiyo anayekataa dripu kwa kuogopa kukatwa mguu anajipunguzia nafasi ya kubaki nao.

Na kama jibu litakuwa kukata, mwambieni habari za Edward Kennedy wa pili, mtoto wa seneta maarufu wa Marekani. Mwaka 1973, akiwa na miaka 12, alikatwa mguu wa kulia kwa saratani ya mfupa, kisha akapewa methotreksati kwa dozi kubwa, dawa ambayo wakati huo nayo ilikuwa ya majaribio. Hakuambiwa achague kati ya upasuaji na dawa mpya. Alipata vyote viwili. Alikua, akawa mwanasheria, na kuanzia 2015 hadi 2019 alikuwa seneta wa jimbo la Connecticut. Lakini jina la mtu wa mbali halitamtosha mtoto anayelia usiku kwa ajili ya mpira. Afadhali zaidi akutane ana kwa ana na kijana wa hapahapa nchini anayetembea kwa mguu bandia. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu miaka ya 1980, na mafundi waliotoka huko wanafanya kazi katika hospitali nyingi kubwa. Ulizeni wodini au kwenye karakana ya viungo bandia kama yupo mgonjwa wa zamani aliye tayari kuzungumza naye, na mfanye hivyo wiki hizi za mwanzo za dripu, wakati bado ana nguvu za kuuliza maswali yake mwenyewe.